Ikizimwa kistaarabu inakuwa bubu, LUKU ikikata inaimba: kisa cha kompyuta ya ba'mdogo

Nianze na mwenye kompyuta, maana bila kumjua yeye kisa hiki hakieleweki. Ba'mdogo wangu ni mwalimu mstaafu, anakaa Nkuhungu hapa Dodoma, na ni mtu wa utaratibu kupitiliza, daftari lake la matumizi lina mstari mwekundu pembeni kama la mwanafunzi wa darasa la tatu, na kompyuta akimaliza kuitumia anafunga programu moja moja, anaenda Start, anabonyeza Shut down, anakaa hapohapo mpaka taa ya mbele izime, ndo anazima soketi ya ukutani alafu anaifunika na kitambaa kwa ajili ya vumbi. Kila siku. Hajawahi kuizima kihuni hata mara moja. Hilo likumbukeni, maana ndo lilikuwa linamponza.

Mashine yenyewe ni desktop ya ofisi, mtumba wa kutoka nje, Core i5 ya kizazi cha pili ya mwaka 2011, ramu giga 4, hadi diski ya kawaida. Kazi yake kubwa ni moja tu: ba'mdogo ana boksi la kaseti, nyingi ni za kwaya aliyokuwa anaifundisha miaka ya tisini, nyingine karekodi mwenyewe redioni, kuna moja ya marehemu Hukwe Zawose na zeze lake ambayo anaitunza kama hati ya kiwanja, na anataka zote ziingie kwenye kompyuta kabla utepe haujaoza. Anachomeka waya kutoka tundu la hedifoni la redio kaseti mpaka nyuma ya sipiyu, anafungua Audacity, anarekodi upande wa kwanza wote, anageuza. Mjukuu wake ndo alimfundisha, sasa hivi anamzidi mjukuu.

Ilivyokuwa na Windows 7 mambo yalienda vizuri. Mwezi wa tano akashauriwa ahamie Windows 10, akapigiwa window mpya, na hapo ndo matatizo yakaanza. Unawasha, kwenye kona ya chini kulia ile alama ya spika ina X nyekundu, ukipeleka mshale pale inakwambia hakuna kifaa cha sauti kilichoinstoliwa. Ukifungua Device Manager unakuta jina la saundi kadi lipo, Realtek, ila lina pembetatu ya njano, ukiligonga mara mbili unaona Code 10, yani draiva (ile programu ndogo inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa) ipo lakini kifaa kimegoma kuanza. Hiyo Code 10 ni tofauti na Code 28 ambayo maana yake draiva haipo kabisa, na tofauti hiyo ningeitilia maanani mapema ningeokoa siku nzima, ila tutafika.

Akapeleka kwa fundi mjini. Fundi akawasha, kweli haiongei, akachomeka flashi yake yenye draiva za kila aina, akainstoo, mashine ikajizima na kujiwasha, muziki ukalia. Elfu kumi na tano. Ba'mdogo akaibeba kwenye bajaji mpaka nyumbani, anaunganisha, anawasha, bubu. Akarudi kesho yake, fundi akawasha mbele yake, ikawa bubu kweli, akainstoo tena, ikaimba, akaizima vizuri kwa Shut down, wakaifunga, bajaji, nyumbani, bubu. Sasa we fikiria mzee wa watu anavyoonekana pale, kila akitoka kwa fundi imepona na akifika kwake imekufa. Mama mdogo akatoa wazo kwamba inatikisika njiani, barabara ya mtaa wao ina mashimo, kwa hiyo safari ya tatu sipiyu ilisafiri kwenye bajaji imelazwa juu ya kigodoro cha mtoto na imefunikwa blanketi. Ikafika bubu vilevile. Nilicheka sana niliposimuliwa ila ukikaa ukafikiri, kwa walichokuwa wanakiona wao, hilo ndo lilikuwa wazo la maana kuliko yote yaliyotolewa mpaka siku hiyo.

Fundi wa pili akasema saundi kadi imeungua kwa sababu ya umeme kukatika katika, anunue ile ya USB. Akanunua, elfu kumi na mbili. Ikaongea bila shida, ila zile adapta ndogo za bei hiyo tundu lake la kuingizia sauti ni la maiki na ni mono, sasa kwaya imerekodiwa kulia soprano na kushoto besi unaipitisha kwenye tundu la mono, ba'mdogo akasikiliza dakika mbili akachomoa akairudisha kwenye boksi lake. Akasema, "Hii inawabananisha waimbaji kwenye choo kimoja." Wa tatu alimwambia mashine imechoka aweke Windows 11, ushauri ambao sijui aliutolea wapi, maana Windows 11 inataka TPM 2.0, ile chipu ya usalama, na prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane, na hii ni ya pili.

Ndo nikapigiwa mimi. Mimi sio fundi wa kusomea, nina stesheneri Makole, natoa kopi na kuprinti na kutengeneza za kwangu zikiharibika, lakini kwenye ukoo ukishajua kubadilisha wino unaitwa injinia. Nikaenda Jumamosi moja mwezi wa nane, ule upepo wa Dodoma unapuliza vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Nikapiga shikamoo, nikapewa maji, nikakalishwa mbele ya mgonjwa.

Sasa nikiri makosa yangu. Nilianza kama wote wanavyoanza. Nikafungua sipiyu nikapuliza vumbi, nikachomoa na kuchomeka tena ule waya mdogo wa matundu ya mbele ya hedifoni unaoenda kwenye maza bodi, nikaingia BIOS, ile mipangilio ya msingi ya mashine kabla Windows haijawaka, kuangalia kama sauti haijazimwa kule, iko Enabled. Nikaangalia kama sauti haijahamia kwenye waya wa skrini, maana ukitumia HDMI mara nyingi sauti inahamia kwenye TV na watu wanadhani spika zimekufa, sio hiyo. Nikaingia Device Manager, Properties, kipengele cha Details, nikachagua Hardware Ids, ikanipa mstari unaoanza HDAUDIO\FUNC_01&VEN_10EC&DEV_0269. Huu mstari ndo kitambulisho cha taifa cha saundi kadi, usiamini stika iliyobandikwa nje wala fundi aliyekariri. VEN ni mtengenezaji, 10EC ni Realtek, ingekuwa 8086 ni Intel na mara nyingi hiyo ni sauti ya njia ya skrini, ingekuwa 14F1 ni Conexant. DEV 0269 ni chipu yenyewe, ALC269. Nikatafuta draiva yake kwenye tovuti ya mtengenezaji wa mashine, ya mwisho waliyotoa kwa modeli ile ni ya Windows 7, biti 64. Nikashusha kwa bando langu, nikaondoa iliyopo, nikainstoo hiyo, ikaniomba niristati, nikaristati, saa kumi na moja kasoro jioni kwaya ikaimba sebuleni.

Nikajiona mtu. Mama mdogo akaleta ugali wa uwele na mlenda, ba'mdogo akasema elimu haina mwisho, nikaondoka na mfuko wa zabibu.

Jumapili saa moja na dakika kumi asubuhi simu.

"Mwanangu, hujambo?"

"Sijambo ba'mdogo, shikamoo."

"Marahaba. Bubu."

Nikarudi kule nikiwa na hasira za kuaibishwa na chuma. Nimekaa naitazama, ba'mdogo amekaa pembeni kimya kwa heshima, na mama mdogo yuko mlangoni anapeta mchele, akasema huku haangalii hata upande wetu: "Hii kompyuta yenu ina maringo tu. Mbona Jumanne ile LUKU ilipoisha ikazimika katikati ya wimbo, nilivyoingiza umeme ikawashwa ikaendelea kuimba vizuri? Ikikatika ndo inakuwa na adabu."

Ba'mdogo akasema hapana, ile ilikuwa bahati. Mama mdogo akasema bahati gani, hata mwezi wa saba ile siku ya upepo umeme ulipokwenda ilikuwa hivohivo, yeye anakumbuka kwa sababu alikuwa anapika na wimbo ulikuwa uleule.

Nilinyanyuka kwenye kiti. Maana fundi wa pili alisema umeme kukatika ndo kumeiua, na huyu mama aliyekuwa jikoni anasema umeme kukatika ndo kunaifufua, na katika hao wawili mmoja ndo aliyekuwepo ndani ya nyumba kila siku. Nikawauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuwauliza: siku ilipoongea, kabla yake ilizimwaje? Sio iliinstoliwa nini, ilizimwaje.

Nikafungua Task Manager, kipengele cha Performance, CPU, pale chini kuna Up time, muda ambao Windows iko hai tangu ianze. Ba'mdogo aliizima usiku saa tatu, akazima na soketi, akawasha asubuhi saa moja, na muda huo tunaangalia ni saa tano kamili asubuhi, kwa hesabu ya kawaida ilitakiwa isome masaa manne. Ilisoma 0:18:07:41. Masaa kumi na nane na dakika saba. Rudisha nyuma masaa kumi na nane toka saa tano asubuhi unapata jana saa kumi na moja kasoro jioni, ile dakika niliyoiristati mimi. Yani kwa maoni ya Windows, kompyuta hii haikuzimwa usiku. Ilizimwa, soketi ilizimwa, kitambaa kilifunikwa, na yenyewe inadai haijalala.

Jamani hapo ndo nikakumbuka fasti statapu.

Kwa ambao hawaijui: tangu Windows 8 ya mwaka 2012, ukibonyeza Shut down Windows haizimi yote. Inafunga programu zako na kukutoa kwenye akaunti, lakini ile roho ya mfumo pamoja na madraiva yote inaipiga picha na kuihifadhi kwenye diski, faili linaitwa hiberfil.sys, kesho ukiwasha hairudii kazi ya kuanza upya, inasoma ile picha na kuirudisha kwenye ramu. Ni kama mangi anayefunga duka kwa kutupia turubai juu ya bidhaa zilizoko mezani, asubuhi anafunua anaendelea kuuza, badala ya kuingiza vyote stoo na kuvipanga tena. Anafungua haraka, ndio, lakini kama jana nyanya iliozea pale mezani leo iko palepale. Na kwa kuwa picha iko kwenye diski, kuchomoa waya usiku kucha hakubadilishi kitu. Sasa Restart yenyewe haifanyi hivo, Restart inazima kweli na kuanza moja kwa moja toka sifuri. Wengi wetu tunaamini kinyume, kwamba kuzima ndo kwa nguvu na kuristati ni kwa juujuu.

Ukishajua hilo kisa chote kinajipanga chenyewe kama shanga. Kila mara draiva ilipoinstoliwa kwenye mashine hii ilimalizika kwa kuristati. Kwa hiyo kilichokuwa kinatibu pale kwa fundi, na kilichonitibia mimi Jumamosi, sio draiva, ni ile ristati ya mwishoni. Fundi hakudanganya, aliona kwa macho yake imepona. Alafu akaizima vizuri ili mteja aondoke nayo, akapiga picha, na picha ikiamshwa kule Nkuhungu draiva inaamka vibaya, Code 10. Bajaji na mashimo havina kosa. Na LUKU ikikata ghafla, Windows haipati nafasi ya kupiga picha yoyote, ukirudi inalazimika kuanza upya, na ikianza upya inaimba.

Ila nadharia tamu zinadanganya, na mimi nilishaaibika mara moja, kwa hiyo safari hii nikaomba daftari. Ba'mdogo akafurahi kusikia neno daftari, akachora mistari kwa rula. Tukaanza: Shut down ya kawaida, washa, kimya. Restart, inaongea. Shut down, washa, kimya tena. Alafu ukishikilia kitufe cha Shift wakati unabonyeza Shut down, Windows inazima kabisakabisa bila picha, tukafanya hivo, tukawasha, inaongea. Tukarudia Shift mara tatu, zote tatu inaongea. Nikailaza makusudi kwa haibaneti, yani kuizima huku kila kitu kilichokuwa wazi kimehifadhiwa kwenye diski, nikaiamsha, kimya. Mwisho nikamwambia ba'mdogo sasa nachomoa waya inawaka hivihivi, mara moja tu kwa ajili ya ushahidi, maana kuchomoa hivo kunaweza kuharibu faili kwenye diski na mtu asizoee. Akafumba macho kabisa, nadhani alikuwa anasali. Nikachomoa, nikarudisha, ikaongea. Kurasa moja na nusu ya daftari, hakuna mstari hata mmoja uliokwenda kinyume.

Hapo ungeweza kuishia, unazima fasti statapu unaondoka. Lakini kulikuwa na swali la pili ambalo lilinisumbua, kwamba kwanini ukiondoa draiva na kuristati inarudi ileile. Jibu ni kwamba ukienda Device Manager ukabonyeza Uninstall, kuna kiboksi kidogo cha kuweka tiki ili faili za draiva zifutwe, na mafundi wengi hawakitiki. Usipokitiki umeondoa jina tu, faili zimebaki kwenye stoo ya Windows, inayoitwa DriverStore, na mashine ikiwaka inaona kifaa hakina draiva, inaenda stooni, inachukua anayefanana zaidi, inamrudisha. Nikafungua Command Prompt kwa ruhusa ya administreta nikaandika pnputil /enum-drivers, ikamwaga orodha ndefu, kila draiva ya nje imepewa jina la oem na namba. Nikazipitia zile zenye aina ya sauti. Zilikuwa sita. Tano za Realtek za matoleo mbalimbali, na moja ya Conexant, chipu ambayo kwenye mashine hii haijawahi kuwepo, ni zawadi ya ile flashi ya kila kitu. Nikafuta moja moja, pnputil /delete-driver, jina kama oem14.inf, na /uninstall mwishoni. Angalieni sana namba kabla ya kubonyeza enta, ukikosea ukafuta ya netiweki utatafuta intaneti kwa tochi.

Stoo ilipokuwa nyeupe nikaiacha Windows itumie ile draiva yake yenyewe ya jumla, inayojiita High Definition Audio Device. Hii ipo ndani ya Windows na inafanya kazi kwa sababu chipu nyingi za desktop tangu 2004 zinafuata kiwango kimoja cha Intel kinachoitwa HD Audio, kilichochukua nafasi ya AC'97, kwa hiyo draiva moja inaweza kuongea na chipu za watengenezaji tofauti kwa lugha ya msingi. Nikawaachia siku mbili, fasti statapu ikiwa bado imewashwa. Ba'mdogo akaizima kwa ustaarabu wake wote, asubuhi akawasha, inaongea. Siku ya pili, inaongea. Kwa hiyo kosa sio la fasti statapu peke yake wala la draiva peke yake, ni la wawili hao kuoana. Draiva ile ni ya zama za Windows 7, mfumo wa 2009 ambao Shut down yake ilikuwa kuzima kweli, ukiipeleka kwenye Windows 10 ambako kila usiku inagandishwa na kuyeyushwa, ikiyeyushwa inashindwa kuiamsha chipu. Peke yake kwenye nyumba yake ilikuwa haina neno.

Ungedhani basi tumemaliza, tumwachie hii ya jumla. Mimi nilishafunga begi. Ba'mdogo akaweka kaseti, akarekodi, akanipa hedifoni nisikilize. Inakwaruza, inapasuka kila soprano wakipanda. Nikashusha volyumu ya redio, ikapungua kupasuka ila ikabaki na mvumo kama mtu anakaanga vitumbua chumba cha pili.

Nikageuza sipiyu. Desktop za mezani za kawaida zina matundu matatu nyuma, kijani la spika, pinki la maiki, bluu ya kupauka la kuingizia sauti toka redio au kinanda. Hii ya ofisi ina mawili tu, la kutoa na la kuingiza, na hilo la kuingiza ni la kazi mbili, maiki au laini (yani hiyo sauti ya kutoka redio). Sauti ya maiki ni hafifu sana kwa hiyo mashine inaikuza, sasa ukiingiza sauti ya redio ambayo tayari ina nguvu kwenye tundu linalodhani ni maiki, inakuzwa mpaka inapasuka. Draiva ya Realtek ina kile kidirisha kinachotokea ukichomeka waya, kinakuuliza umechomeka nini, unachagua laini, mambo safi. Hii ya jumla haikuuliza chochote, ililichukulia tundu ni maiki na ikang'ang'ania hapo. Kwa mtu wa kusikiliza tu ningemwachia ya jumla na nisingefikiri mara mbili. Kwa mtu wa kaseti haifai, na ndo maana sipendi ushauri wa kumaliza kila kitu kwa mstari mmoja, kifaa kimoja chenye ugonjwa mmoja kinaweza kuhitaji dawa mbili tofauti kutegemea nani amekaa mbele yake.

Kwa hiyo nikarudisha Realtek, ileile ya Windows 7 toka kwa mtengenezaji wa mashine, safari hii ikiwa peke yake stooni, na nikaizima fasti statapu. Ukitaka kwa kubonyeza unaenda Control Panel, Power Options, upande wa kushoto "Choose what the power buttons do", alafu bonyeza ule mstari wa kufungulia vilivyofungwa, ndo chini unatoa tiki kwenye "Turn on fast startup". Mimi nilitumia njia ya mkato, Command Prompt ya administreta, powercfg /h off, inaua haibaneti yote na faili la hiberfil.sys linafutika, kwenye hii mashine ya ramu giga 4 nikapata na giga moja na nusu ya bure kwenye C. Ubaya wake ni kwamba hutaweza tena kuilaza kwa haibaneti, ambayo kwa laptop inaweza kukuuma, kwa desktop ya Nkuhungu hakuna anayeikumbuka.

Kingine kilichopotea ni haraka. Zamani ilikuwa inawaka kwa nusu dakika, sasa hivi inachukua dakika moja na robo, ba'mdogo kaipima kwa saa ya mkononi na kuandika. Nilimweleza kwamba ile haraka ya mwanzo ilikuwa haizimi, ilikuwa inajifanya. Akanyamaza kidogo, alafu akauliza, "Kwa hiyo siku zote nilikuwa naizima inakataa?" Nikamwambia ndio ba'mdogo. Hiyo ilimkera kuliko zile elfu kumi na tano mara tatu.

Leo ni wiki ya tano. Daftari linaendelea, kila asubuhi anaandika tarehe na neno "inaongea", kuna asubuhi mbili kaandika "LUKU" na pembeni yake "inaongea" pia. Kaseti kumi na moja zimeshaingia, kwaya ya mwaka 1994 imesafishwa mvumo na imetumwa kwa waliobaki hai. Ya Hukwe Zawose ilikuwa zamu yake Jumapili iliyopita, ikazunguka dakika nane, redio ikautafuna utepe. Nilipoingia nilikuta sipiyu inawaka, Audacity inaendelea kurekodi ukimya, ba'mdogo kashikilia kaseti kwenye mwanga wa dirisha na utepe umening'inia mpaka magotini, na mama mdogo anapekua droo kutafuta penseli ya kuurudishia.